Kurusha tufe upya: mguu uanze, mkono uje mwisho

Mashindano ya UMISSETA, yaani michezo ya shule za sekondari Tanzania, yanapokaribia, kwenye viwanja vingi vya shule utaona wanafunzi wakirusha tufe kama wanaoangua ubuyu. Kanuni hairuhusu hivyo. Tufe husukumwa kutoka begani kwa mkono mmoja, likianzia shingoni au karibu na kidevu, wala halipaswi kupita nyuma ya mstari wa mabega. Kiwiko kikishuka chini ya tufe, msukumo unageuka kuwa kutupa, na uzito uliopaswa kubebwa na mapaja unakiangukia kiwiko na bega.

Aliyezoea vibaya aanze na mshiko. Tufe likae kwenye mashina ya vidole vitatu vya kati, gumba na kidole cha mwisho vikilishikilia pembeni. Likizama kiganjani, kifundo cha mkono hupinda nyuma na kuumia. Ukisharusha, kagua mkono: vumbi liwe vidoleni, kiganja kibaki safi.

Kisha miguu, na hapa ndipo penye kazi. Anayetumia mkono wa kulia apanue miguu kuzidi mabega, akunje goti la kulia na kuuweka uzito mwingi juu yake. Kisigino cha kulia kiinuke, mguu uzunguke kwa vidole, goti na nyonga vifuate, halafu kifua. Mkono unyooke mwisho, mguu wa kushoto ukiwa umekaza. Ule ushauri wa pembeni mwa uwanja, "weka nguvu mkononi", umewaharibu wengi.

Kama duara lenu ni la udongo, rudi utazame ulipokuwa mguu wa kulia. Mchoro uliopinda unaonyesha kwamba mguu ulizunguka. Ukikuta unyayo mzima, kisigino kimejichora vizuri, basi mguu uligoma na kiwiliwili kikajisokota juu yake. Goti na kiuno ndivyo vinavyoumia. Kiangazi cha Dodoma huacha vumbi jepesi juu ya ardhi ngumu, na hapo mguu huteleza. Fagia, nyunyiza maji kidogo. Alama itaonekana vilevile.

Kosa jingine ni kuinamia kushoto wakati wa kusukuma. Mgongo wa chini huumia, na tufe haliendi mbali.

Wakati wa kujifunza upya punguza uzito. Mvulana wa chini ya miaka 18 hushindana na tufe la kilo 5, msichana kilo 3. Kwa wiki chache za mwanzo, kilo 3 au 4 kwa mvulana na 2 kwa msichana zinatosha. Rusha ukiwa umesimama, mara 15 hadi 20, siku tatu kwa wiki zisizofuatana. Mtelezo wa kinyumenyume, yaani kuteleza ndani ya duara kabla ya kusukuma, usubiri mpaka mguu uzunguke bila kukumbushwa. Asubuhi za Juni zina baridi, kwa hiyo pasha mwili dakika 15.

Misuli kukaza siku moja au mbili ni kawaida. Maumivu ya kuchoma, kiwiko kuvimba, au ganzi inayoshuka mguuni ni sababu ya kuacha mazoezi siku hiyohiyo na kwenda hospitali, hata kama fainali ni kesho.