"Nilisema lini?" Maswali na majibu kuhusu kumbukumbu katika ndoa

Swali: Nauza mawese Kibirizi, Kigoma, mume wangu anavua dagaa. Alinipa shilingi 80,000 akaniambia niweke kwenye kikoba. Mwezi uliofuata akaniita mwizi mbele ya mama yake, eti hajawahi kusema hivyo. Hii ni mara ya nne au ya tano. Kila siku naambiwa nina kichwa kibovu. Je, naanza kuchanganyikiwa?

Jibu: Dada yangu, kwa ulivyoeleza, sidhani. Ila nianze na jambo ambalo huenda lisikufurahishe: kumbukumbu ya kila mtu hukosea, yako na yake. Ubongo hautunzi matukio kama simu inavyotunza picha. Kila ukikumbuka unalijenga tukio upya, na maneno uliyoyasikia baadaye hujipenyeza humo.

Mwaka 1974 huko Marekani, watafiti wa saikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu fupi ya magari yakipata ajali. Wengine waliulizwa magari yalikuwa na mwendo gani "yalipogongana", wengine "yalipopondana". Wiki moja baadaye wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Havikuwapo kabisa. Hata hivyo, walioulizwa kwa neno "kupondana", 16 kati ya 50 walisema waliviona. Kwa neno "kugongana", 7 kati ya 50. Hapo limebadilika neno moja tu, tena limetoka kwa mtu baki. Wewe unaambiwa na mtu mnayelala kitanda kimoja, mwezi baada ya mwezi.

Swali: Basi huenda naye amesahau tu?

Jibu: Inawezekana, na kusahau si kosa. Angalia anafanya nini ukimletea ushahidi. Aliyesahau, ukimkumbusha kwamba usiku ule hakwenda ziwani kwa sababu mwezi ulikuwa mkali, mkakaa barazani mkahesabu hela, atatulia afikirie. Hata akikataa, hatakuita kichaa. Anayekuvuruga huiacha hoja ya hela akaishika akili yako: "Unaumwa wewe", "Hata dada zako wanajua hauko sawa." Tena kila mkitofautiana mwenye kosa ni wewe, na mwenye faida ni yeye. Wataalamu huuita mchezo huu gaslaitingi, yaani kumfanya mtu aitilie shaka akili yake mwenyewe. Kwangu mimi huo ni ukatili, hata kama hajakugusa kwa mkono.

Swali: Mimi ni mwanaume, na mke wangu ndiye ananifanyia hivyo.

Jibu: Hutokea, kaka. Haya yote yanakuhusu pia, na usione aibu kuyasema.

Swali: Nitajuaje kama si ugonjwa?

Jibu: Jiulize kama unasahau hata mahali ambapo yeye hayupo: chenji ya mteja, chungu jikoni, njia uliyoizoea. Kama ndivyo, nenda kituo cha afya. Kukosa usingizi, sonona, pombe, malaria kali, hata miezi ya mwanzo baada ya kujifungua, vyote vinaweza kuvuruga kumbukumbu. Na hapa ndipo ninapoumia zaidi ninapowasikiliza wagonjwa: anayeishi kwa hofu hapati usingizi mzuri, na asiyelala husahau kweli. Ule uongo aliosingiziwa huanza kufanana na ukweli, naye anauamini.

Swali: Nifanye nini sasa?

Jibu: Andika kwenye daftari siku hiyohiyo: tarehe, maneno yalivyotamkwa, nani alikuwepo. Meseji za kikoba usizifute. Mweleze mtu mmoja unayemwamini, maana aliyetengwa hana wa kumuuliza, "Hivi ndivyo ilivyokuwa?" Usibishane na mwenzako usiku kucha ukitaka akiri, utachoka wewe.

Ofisa ustawi wa jamii anaweza kukusikiliza, na kuna baraza la usuluhishi la ndoa. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inautaja ukatili wa akili sambamba na wa mwili miongoni mwa mambo yanayoweza kuonyesha kuwa ndoa imevunjika. Akikupiga au kukutishia, nenda dawati la jinsia na watoto la polisi.

Na kama ana tabia ya kupekua vitu vyako, daftari hilo usilifiche chini ya godoro. Liache kwa dada yako.