Learmonth Dalrymple hakuwa mwalimu mkuu wa kwanza wa Otago

Wengi wanaolisikia jina la Learmonth Dalrymple, Mskoti aliyehamia New Zealand mwaka 1853, hudhani kwamba ndiye aliyekuwa mwalimu mkuu wa kwanza wa shule ya sekondari ya wasichana ya Otago, iliyofunguliwa mjini Dunedin Februari 1871. Sivyo. Cheo hicho alikishika Margaret Gordon Burn, naye mhamiaji kutoka Scotland, aliyekuwa tayari na uzoefu wa kuendesha shule.

Mchango wa Dalrymple ulikuwa wa aina nyingine, na kwa maoni yangu ulikuwa mgumu zaidi: kwa miaka kadhaa aliandika barua nyingi mno, akakusanya saini na kuwashawishi viongozi wa jimbo, akiwamo John Richardson, kwamba fedha za umma zilizosomesha wavulana ziwasomeshe wasichana pia. Hakuwa na kura wala kiti barazani. Shule ilipopatikana hakupumzika, bali aliongoza ombi la kukitaka Chuo Kikuu cha Otago kiwapokee wanawake, na mwaka uleule wa 1871 chuo kikakubali.