Je, wajua kwa nini mshahara wa kuishi peke yako mjini si nusu ya ule wa watu wawili?

Wawili wanaoishi kwa raha wakitengana, kila mmoja hudhani nusu ya kipato chao itamtosha. Haimtoshi. Eurostat, ofisi ya takwimu ya Umoja wa Ulaya, inapolinganisha kaya humhesabu mtu mzima wa kwanza kuwa 1 na kila mtu mzima anayeongezeka kuwa 0.5. Kaya ya wawili basi ni 1.5, na anayebaki peke yake anahitaji theluthi mbili za kipato cha awali ili aendelee kuishi vilevile.

Nauli ni ya kila mtu, na chakula karibu hivyo hivyo. Mzigo uko kwenye pango. Mlango ni mmoja, jiko ni moja, intaneti ni moja, na friji haipunguzi umeme kwa kuwa mlaji ni mmoja. Mjini, ambako kila mtu anagombea kukaa karibu na kazi, gharama hiyo isiyogawanyika ndiyo kubwa kuliko zote.

Sasa, raha huhesabiwaje? Mwaka 2005 Elizabeth Warren, profesa wa sheria wa Marekani, na binti yake Amelia Warren Tyagi walieneza kanuni ya 50/30/20: baada ya makato, nusu ya mshahara iende kwenye mahitaji ya lazima, asilimia 30 kwenye mambo unayoyapenda, 20 kwenye akiba na madeni. Kwa hiyo jumlisha pango, chakula, nauli, umeme, maji na matibabu ya mwezi, kisha zidisha kwa mbili. Hicho ndicho kiasi kinachopaswa kufika mkononi. Mshahara wa kwenye mkataba lazima uwe juu zaidi.

Nchini Marekani, wapangaji wa nyumba za umma waliwekewa kikomo cha kulipa robo ya kipato mwaka 1969, kikapandishwa hadi asilimia 30 mwaka 1981. Ukilipa pango la asilimia 30, kwenye ile nusu ya lazima unabaki na 20 tu kwa mengine yote. Hapo wengi huanza kula akiba, na kwa maoni yangu ndilo kosa baya kuliko yote kwa mtu aliye peke yake: akiugua au akiachishwa kazi, nyumbani hakuna mshahara wa pili. Afadhali atafute mtu wa kuchangia naye nyumba, kwani pango likigawanywa, kila shilingi inayopungua hushusha mshahara unaohitajika kwa shilingi mbili.