Ile nane umeilipia kwa ringi ngapi?

Michoro ya jengo la ghorofa sita ililetwa kwangu niikague kabla zege halijamwagwa. Mahesabu yalikuwa safi: nguvu ya mlalo ya tetemeko imegawanywa kwa 8, kama jedwali la ASCE 7, kanuni za mizigo za Marekani, linavyoruhusu. Nikafungua ukurasa wa nguzo. Ringi, yaani vyuma vinavyozungushiwa nondo za nguzo kuzifunga, ni za milimita 8 kila baada ya milimita 200, ncha zimekunjwa nyuzi 90, vilevile tulivyozoea enzi za BS 8110, kanuni ya zege ya Uingereza, ambayo kuhusu tetemeko haisemi kitu.

Nikampigia mwenye michoro. "Mdogo wangu, hii nane ya kugawanyia umeitoa wapi?"

"Ipo kwenye jedwali, Injinia."

Ipo kweli. Ila bei yake imeandikwa kwenye kitabu kingine, ACI 318, kanuni za zege za Marekani.

Jengo la kawaida halisanifiwi lipite kwenye tetemeko kubwa bila kuumia, gharama ingetushinda. Kanuni hupunguza nguvu, kisha hulitaka jengo lipinde bila kuanguka: nondo za boriti zivutike, zege lipasuke hapa na pale, nguzo zibaki zimesimama. Uwezo huo huwezi kuuandika kwenye kompyuta. Anautengeneza fundi nondo.

Tuseme fremu, yaani nguzo na boriti zilizoungana, ingebaki nzima kabisa, ingebeba tani 100 za mlalo. Eurocode 8, kanuni ya tetemeko ya Ulaya (toleo la 2004), kwa jengo la daraja la kati la uwezo wa kupinda, hugawanya kwa 3.9: zinabaki kama tani 26. Daraja la juu, kwa 5.85: tani 17. Fremu maalumu ya Marekani, kwa 8: tani 12.5. Ukiishia hapo utasema Wamarekani wazembe. Sasa chukua nguzo ya milimita 400 kwa 400 yenye nondo za milimita 20, utazame ringi karibu na maungio ya boriti, pale inapoumia. Daraja la kati: kila baada ya milimita 160 hivi. Daraja la juu: 110. Marekani: 100. Kadiri unavyogawanya zaidi, ndivyo ringi zinavyosongamana. Mwenzangu alichukua punguzo la Marekani, akafunga ringi ambazo hata daraja la kati la Ulaya lingezikataa.

India ndiyo huwachanganya wengi. IS 1893 ya 2016, kanuni yao ya tetemeko, hugawanya kwa 5, ukadhani wako jirani na daraja la juu la Ulaya. Lakini nguvu hiyo huzidishwa tena kwa 1.5 wakati wa kujumlisha mizigo, wakati Ulaya na Marekani huiacha kwa 1.0. Kwa hiyo 5 yao ni kama 3.3, na bado ringi za IS 13920, kanuni yao ya kufunga nondo, kwenye nguzo ileile ni kila milimita 100. (Hata tani 100 zenyewe hazilingani: Ulaya huanzia tetemeko la wastani wa mara moja kwa miaka 475, Marekani theluthi mbili ya tetemeko kubwa wanalolizingatia, India nusu ya lile kubwa la kwao. Ndiyo maana siamini majedwali ya kulinganisha yenye safu moja.)

"Lakini hapa kwetu, Injinia..."

"Bukoba, 10 Septemba 2016. Ukubwa 5.9."

Akanyamaza. Nakubali, zilizoumia zaidi kule ni nyumba za tofali; fremu zetu za zege bado hazijapata mtihani wa kweli.

Tukarudi daraja la kati, 3.9. Boriti zikanenepa, mwenye jengo akanuna. Kwenye ncha ya ringi hatukuwa na la kubishania, maana hapo wote wanakubaliana: kunjo la nyuzi 135, mkia uingie ndani ya zege. Kwa ringi ya milimita 10, Ulaya wanataka mkia wa milimita 100, Marekani 75, India 65. Kunjo la nyuzi 90 hufunguka mara ganda la nje la zege linapobanduka, na nondo za nguzo hubaki bila wa kuzishika.

Fundi nondo alilalamika kwamba ringi za namna hiyo haziingii kirahisi. Haziingii kweli. Nikamwongezea kibarua mmoja.