Vifurushi vya Moshi vilivyohesabiwa Arusha

Jumatatu moja asubuhi mhasibu wa tawi la Moshi alinipigia simu. Salamu ilikuwa fupi kuliko kawaida yake. "Baba, hebu niambie, sisi huku tangu Ijumaa tumelala? Mfumo wako unasema hatujapokea hata kifurushi kimoja." Nilikuwa nyumbani Sakina, chai haijapoa. Nikafungua kompyuta: Moshi sifuri, Arusha imefurika.

Mfumo wenyewe ni mdogo. Mteja wangu anasafirisha vifurushi kati ya Arusha na Moshi. Karani anasajili mzigo kwa simu, simu inatuma ombi kwenye seva niliyoiandika kwa lugha ya Java na Spring, mkusanyiko wa zana za kuandikia seva kwa Java. Ili seva ijue mzigo umepokelewa wapi, kila ombi hubeba heda yenye namba ya tawi: 1 ni Arusha, 2 ni Moshi.

Heda ni yale maandishi ya juu ya boksi. Ukipeleka mzigo stendi unaandika kwa kalamu nene jina la mpokeaji, namba ya simu na unakokwenda, basi konda hana haja ya kufungua boksi. Ombi la HTTP, lugha ambayo simu na seva huongea, nalo lina mwili, yaani mzigo wenyewe, na lina heda zinazosema mzigo ni wa aina gani, mtumaji anataka lugha gani, umetoka kwa nani.

Zamani tulizisoma heda kwa mkono: unaomba heda kwa jina, unaangalia kama ipo, unaigeuza kuwa namba, unashughulikia kosa ikigoma kugeuka. Mistari sita kwa heda moja. Java ilipata anotesheni, vibandiko vinavyoanza na @ vya kuipa programu maelekezo, katika toleo la 5, mwaka 2004, na Spring 3.0 iliyotoka mwishoni mwa 2009 ikaleta @RequestHeader. Unaibandika mbele ya kigezo (parameta) cha mbinu yako, yaani kipande cha msimbo kinachopokea ombi, na Spring inakusomea, inakugeuzia, inakukabidhi. Wanaotumia JAX-RS, njia nyingine ya kuandika seva kwa Java, wana @HeaderParam, kazi ni ileile.

Sasa tazama nilichokuwa nimeandika:

@RequestHeader(defaultValue = "1") int namba_tawi

Uvivu wa kwanza: sikutaja jina la heda. Usipolitaja, Spring huchukua jina la kigezo. Jina la kigezo katika Java haliwezi kuwa na kistari (-), nami nikaweka mstari wa chini (_), na kijana anayeandika programu ya simu akatuma heda kwa jina hilohilo. Kwenye kompyuta yangu kila kitu kilikwenda vizuri. Ijumaa tukahamia seva ya kweli, ambayo mlangoni pake amekaa Nginx, programu inayopokea maombi kwanza kisha kuyapitisha kwa seva yangu. Nginx, usipomwelekeza vingine, huiona heda yenye mstari wa chini katika jina kuwa si halali, anaitupa na kuendelea na safari. Hapigi kelele, kwa mipangilio ya kawaida hata kwenye kumbukumbu za makosa huoni kitu. Ana sababu: mifumo ya kale ya CGI, njia ya zamani ya seva kukabidhi maombi kwa programu, hugeuza kistari kuwa mstari wa chini, kwa hiyo heda mbili tofauti zinaweza kuishia kuwa na jina moja.

Hilo peke yake lingekuwa kosa la dakika kumi. Heda ya lazima isipofika, Spring inarudisha 400, yaani ombi lina kasoro, karani anaona kosa, ananipigia Ijumaa ileile. Kilichonimaliza ni uvivu wa pili, ile thamani ya akiba: defaultValue = "1". Ukiiweka, heda inaacha kuwa ya lazima, na ikikosekana au ikija tupu seva inajaza yenyewe. Niliiweka wakati wa majaribio ili nisichoke kuandika namba ya tawi kila mara, nikaisahau. Basi kila mzigo wa Moshi ulifika bila maandishi, na seva yangu kwa ukarimu wake ikauandikia Arusha.

Thamani ya akiba si mbaya kila mahali. Kwenye lugha haina madhara: mtu asiposema anataka lugha gani, mpe Kiswahili, hakuna atakayepoteza hela. Ila Accept-Language, heda inayobeba lugha, usiichukue kama maandishi matupu. Inaweza kuja hivi: sw,en;q=0.8, na kuichambua mwenyewe ni kujitafutia kazi. Weka kigezo cha aina ya Locale, aina ya Java inayowakilisha lugha, Spring itamaliza.

Mstari ulivyo leo:

@RequestHeader("Namba-Tawi") int nambaTawi

Jina liko wazi, akiba hakuna. Herufi kubwa na ndogo hazijalishi katika majina ya heda. HTTP/2 huzituma zote kwa herufi ndogo na Spring haitikisiki. Sikuweka X- mbele kwa sababu RFC 6648, waraka wa viwango vya intaneti wa mwaka 2012, iliikataa desturi hiyo kwa majina mapya. Kutaja jina kuna faida nyingine: tangu Spring 6.1, msimbo uliokompailiwa bila -parameters (chaguo linalohifadhi majina ya vigezo) hauwezi tena kukisiwa majina ya vigezo, na wengi waliamkia makosa siku waliyopandisha toleo. Na ukiwa na heda isiyo ya lazima, tumia Integer au Optional, aina zinazokubali kutokuwa na thamani. Ukiacha int, hakuna pa kuweka null, yaani "hakuna kitu", na mteja anapata 500, kosa la seva, wakati hajakosea chochote.

Mizigo ya siku tatu tuliisahihisha mmoja mmoja kwa simu, mhasibu akinisomea namba kutoka kwenye daftari lake la risiti. Ni lile daftari ambalo wiki moja kabla nilimwambia sasa anaweza kulitupa.