Je, wajua kwa nini miji yenye hela nyingi ndo ina watu wengi wanaolala nje?

Hili swali linanisumbua siku nyingi. Unapita usiku chini ya ghorofa la vioo, taa zinawaka sakafu zote na ndani hakuna hata mtu, afu pale chini mlangoni kuna mtu kajikunja juu ya boksi. Ukiuliza watu utapewa majibu yale yale, mlevi huyo, mvivu, sijui kawakimbia ndugu zake. Sawa, tuyapime hayo majibu.

Marekani kila mwaka mwezi wa kwanza huwa wanachagua usiku mmoja wanahesabu watu wasio na makazi, walio kwenye vituo vya kulala bure na walio barabarani. Januari 2024 walihesabu zaidi ya 770,000. Sasa kama shida ingekuwa madawa tu, jimbo la West Virginia lingekuwa limefurika watu wa barabarani, maana ni kati ya majimbo yanayoongoza kwa vifo vya kuzidisha madawa, lakini ukilinganisha na California wala halifikii. Kama ingekuwa umaskini basi mji maskini wa Detroit ungeipita San Francisco kwa mbali, ila mambo yako kinyume kabisa, San Francisco yenye matajiri ndo ina watu wengi wanaolala nje. Kitu kinachofuatana na hii shida kila mahali ni kodi ya nyumba. Pale ambapo kodi iko juu na vyumba vya bei ya chini vimeisha, watu wanalala nje, basi.

Mimi naielewa hivi: mkeka ni mdogo na watu ni wengi, kwahiyo lazima mtu alale sakafuni. Ukiuliza kwa nini ni yule na sio mwingine utapata sababu zake, anaumwa, ameachika, anakunywa, katoka jela juzi, kakulia kituo cha watoto hana kwao pa kurudi. Zote za kweli. Ila ukiuliza kwa nini kuna mtu yuko sakafuni, jibu ni mkeka.

Na watu hawaanguki kwa siku moja. Kwanza anaumwa au kazi inakata, kodi inachelewa mwezi wa kwanza, wa pili, mwenye nyumba anabadilisha kufuli. Anaenda kwa rafiki, na si unajua tena, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, hata rafiki awe mwema vipi chumba ni kimoja na yeye ana familia. Anahamia kwa mwingine, afu kwenye gari kama analo, afu stendi. Hawa wa sebuleni kwa watu na wa kwenye magari hatuwaoni kabisa, tunaona wale wa mwisho tu ndo tunadhani hao ndo wote. Akishafika nje kila kitu kinakuwa kigumu mara mbili: begi linaibiwa na vitambulisho vyote, kupata kingine anaulizwa anwani, anwani hana, kazi wanataka kitambulisho, na hata akiitwa interviu ataenda vipi hajaoga na hajalala siku tatu?

Hapo kwenye kulala ndo watu wengi hatuelewi. Tunamuona mtu kalala saa nane mchana tunasema huyu kazi yake kulala tu, kumbe usiku kucha alikuwa macho, anatembea asiibiwe, asipigwe, na kwa wanawake tusiulizane. Mchana penye watu wengi ndo salama. Ukimwangalia vizuri utaona viatu kaviweka chini ya kichwa, kamba ya begi kaifunga mkononi. Na lile boksi sio uchafu, ndo kitanda chenyewe, kwa sababu ardhi ya baridi inanyonya joto la mwili haraka, ukijifunika blanketi tatu juu na chini uko kwenye zege tupu utatetemeka mpaka asubuhi. Sa fikiria mtu wa usafi anakuja anayazoa yale maboksi anayatupa.

Swali lingine mtu atasema mbona kuna vituo vya kulala bure na wengine hawaendi? Jamani, ungeenda wewe? Kuna vituo vizuri sitaki kusema vyote vibaya, lakini vingi ni ukumbi mmoja vitanda vimepangwa, mwanamke huku mume wake kule, mbwa haruhusiwi, mlango unafungwa jioni kwahiyo mwenye kibarua cha usiku achague kazi au kitanda, asubuhi wote nje na mizigo yenu. Mtu anapiga hesabu zake anaona bora pale kwenye kibaraza anapopajua.

Zamani mpango ulikuwa kama ngazi. Acha pombe kwanza, afu nenda kituoni, ukitulia unapewa chumba cha majaribio, ukifanya vizuri siku moja utapata nyumba. Wengi walikuwa wanateleza njiani wanarudi chini. Mwaka 1992 New York mwanasaikolojia anaitwa Sam Tsemberis akaigeuza: mpe mtu nyumba kwanza, bila masharti ya pombe, afu wahudumu wamfuate hapo hapo kwake wamsaidie na mengine. Watu walimuona kama kachanganyikiwa! Lakini ukifikiria ni rahisi tu, nani anaweza kuacha kunywa akiwa analala nje kwenye baridi, dawa zake za hospitali anaziweka wapi?

Kanada walijaribu kwa umakini kati ya 2009 na 2013, miji mitano, watu zaidi ya 2,000 wenye matatizo ya akili, wengine wakapewa nyumba kwanza na wengine wakabaki na huduma za kawaida. Miezi sita ya mwisho ya utafiti, waliokaa kwenye nyumba muda wote kwenye kundi la nyumba kwanza walikuwa asilimia 62, kundi lile lingine 31. Finland ndo wamelifanya nchi nzima tangu 2008, Helsinki hosteli ya Jeshi la Wokovu yenye vitanda zaidi ya 200 ikageuzwa kuwa fleti 80 hivi, kila mtu ana mkataba wake, anapanga na analipa kodi kwa msaada wa ruzuku. Wasio na makazi wakashuka mpaka chini ya 4,000 nchi nzima. Sio muujiza lakini, 2024 idadi ikapanda tena kidogo.

Na kumpa hela mkononi je? Vancouver waliwapa watu 50 dola 7,500 za Kanada kila mmoja, kwa mkupuo. Matokeo yaliyotoka 2023 yanaonyesha hawakuongeza matumizi ya pombe na madawa kuliko wale ambao hawakupewa, na siku zao za kukosa makazi zilipungua. Ila niseme ukweli, wenye uraibu mzito hawakuingizwa kwenye ule utafiti, kwahiyo usilibebe kama jibu la kila mtu.

Wewe na mimi hatuna fleti 80. Tuna vitu vidogo, na kidogo kuliko vyote ni soksi. Mtu anatembea kutwa, mvua ikimnyeshea soksi hana pa kuzianikia, miguu inakaa na unyevu mpaka inachubuka na kuoza, halafu watu wanaleta makoti wanasahau soksi. Muulize anataka nini kabla hujanunua, ukiweza msaidie kufuatilia kitambulisho au mruhusu barua zake zije kwako, hiyo inazidi sahani kumi za chakula. Kwenye baridi kali ukikuta mtu ameacha kutetemeka na anaongea ovyo kama mlevi, usipite, hiyo ni hatari ya kufa, piga simu ya dharura hapo hapo. Na kama kalala kawaida tu usimwamshe, huenda ndo usingizi wake wa kwanza toka juzi, kitu chako kiweke upande wa ukutani kule anakoegemea, ukikiacha upande wa barabara hatakikuta.