Je, wajua kwa nini ndege ya kunyunyizia dawa mafuta yaliyomwagika baharini haiendi peke yake?

Mi nilikuwa najua hivi: meli imepasuka, ndege inapita inamwaga dawa, mafuta yanazama chini, kwisha habari. Kumbe hayazami. Wala hayatoki baharini, na hapo ndo nilibisha sana.

Chukua sahani iliyoliwa pilau la samli. Ukiimwagia maji matupu, mafuta yanaelea tu yanakuangalia. Tia sabuni usugue, maji yanageuka meupe kama maziwa, samli haijaenda popote, imekatikakatika tu ikawa vitone usivyoviona. Dawa ya mafuta ni ndugu yake sabuni, upande mmoja unashika maji mwingine unashika mafuta, na kazi ya kusugua inafanywa na mawimbi. Kitone kikishakuwa chembamba kuliko unywele kinashindwa kupanda tena juu, kinabaki humo humo majini, na bakteria wanaokula mafuta wanapata pa kung'ata. Kama sukari guru na sisimizi: bonge zima wanalizunguka kwa nje, liponde uone.

Sasa ndege. Ya kunyunyizia inaruka chini sana, na kwa chini vile rubani anaona bahari inang'aa tu, hajui mafuta yanaanzia wapi. Kwa hiyo nyingine inakaa juu inamwelekeza kwa redio: sogea kushoto, fungua, funga. Anapelekwa kwenye mafuta mazito meusi, sio ule utando wa rangi za upinde wa mvua unaopendeza kwenye picha, ule ni mwembamba mno, dawa inapitiliza. Huku chini boti inapima kama vitone vimeingia majini kweli. Na wanakimbizwa na muda, maana mafuta yakikaa yanajikoroga na maji yanakuwa uji mzito, dawa haipenyi.

Mwaka 1967 meli ya Torrey Canyon ilikwama karibu na Cornwall, Uingereza, wakamwaga tani kama 10,000 za sabuni kali, nyingine ufukweni kabisa, na konokono wa miambani wengi waliuawa na sabuni yenyewe. Ndo maana leo huko Uingereza kwenye maji ya kina kifupi hunyunyizi bila kibali.

Ghuba ya Mexico 2010, kisima cha mafuta kilipofumuka chini ya bahari, zilitumika karibu lita milioni 7 za dawa, na sehemu ya hizo ilipelekwa kwenye mdomo wa kisima, kina cha mita 1,500. Kama ile ya chini ilisaidia, wataalamu bado wanabishana, maana presha ya kisima huenda ilishayakatakata mafuta kabla dawa haijafika.